Nondo wa Desemba na jike lake lisilo na mbawa

Swali:

"Mtaalamu, nakusalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi kusini mwa Uingereza na familia yangu, katika nyumba iliyo kandokando ya msitu wa mialoni. Tangu mwisho wa Novemba, kila jioni, nondo wadogo wa rangi ya kijivu hutua kwenye dirisha la jikoni, hata siku ambazo nje kuna sakitu. Juzi mwanangu wa miaka minane alimulika tochi kwenye shina la mwaloni wetu akaona vidudu vinene vya kahawia, visivyo na mbawa, vikipanda juu. Nilidhani ni kupe, nikamkataza kuusogelea mti. Mei iliyopita majani ya mwaloni huo na ya mtufaha wetu yalitobolewa yakawa kama chekeche, na viwavi wa kijani walikuwa wakining'inia kwenye nyuzi hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kutuona, alisema viwavi hao huwasha na kwamba nondo wao watamaliza nguo kabatini. Jirani anasema nipake mashina grisi, nichome majani yote yaliyoanguka na ninunue dawa ya kupuliza. Je, huyu ni mdudu mmoja au ni watatu tofauti? Mti wetu utakufa? Nifanye nini kabla Mei haijafika tena?"

Jibu:

Dada yangu, umeeleza ulichokiona pamoja na miezi yake, na kwa mtu wa kazi yangu hilo ni nusu ya jibu. Ninavyokuelewa, una hofu za aina mbili: unahofia vilivyo ndani ya nyumba, yaani ngozi ya mwanao na nguo zenu, na unahofia miti yako. Nianze na lile litakalokutuliza. Nondo wa dirishani, kidudu kisicho na mbawa kinachopanda shina, na kiwavi wa kijani wa mwezi Mei ni mdudu mmoja katika hatua tofauti za maisha yake, na katika hatua zote hizo haumi, hawashi wala hali nguo.

Jina lake la kisayansi ni Operophtera brumata. Mwanasayansi Carl Linnaeus ndiye aliyemwandika mara ya kwanza mwaka 1758, na neno brumata limetoka katika neno la Kilatini bruma, ambalo ni siku fupi kuliko zote za mwaka, ile inayoangukia katikati ya baridi. Waingereza humwita nondo wa majira ya baridi, nami nitamwita hivyo.

Uliowaona dirishani ni madume. Dume akitandaza mbawa, upana wake ni kati ya milimita 22 na 28, karibu sawa na upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Rangi yake ni kijivu kinachoelekea kahawia, na juu ya mbawa za mbele mna mistari ya mawimbi iliyo hafifu kiasi kwamba usipomsogelea utasema ni vumbi tu. Hana doa la kumpambanua wala rangi ya kuvutia, na ndiyo maana watu wengi huishi naye miaka mingi bila kumtambua. Jambo linalomtambulisha zaidi ni wakati wake, kwa sababu nondo mdogo wa kijivu anayeruka karibu na msitu wa Ulaya mwezi Desemba, huku nyasi zikiwa zimeganda, kwa kawaida ni huyu au jamaa zake wachache wa karibu.

Mwanao aliona majike, na naomba umwondolee katazo ulilomwekea. Jike ana mwili wa duara, mnene kwa sababu umejaa mayai, wenye urefu wa milimita sita hivi, na mahali pa mbawa pana vipande vinne vifupi visivyoweza kumwinua hata sentimita moja kutoka chini. Miguu yake sita ni mirefu na hutembea kwa haraka, hivyo wengine humdhania buibui. Kupe wa Uingereza hana desturi ya kupanda mashina usiku wa sakitu. Huvizia kwenye nyasi ndefu na magugu, karibu na ardhi, akingoja mnyama apite. Kupe aliyekomaa ana miguu minane na mwili bapa usio na kichwa kinachojitenga, wala hana vipapasio, ilhali jike la nondo ana vipapasio viwili vyembamba ambavyo mtoto mwenye tochi na macho mazuri ataviona bila shida. Msipotumia tochi hamtawaona kabisa, kwa sababu huanza kupanda giza likishaingia.

Kuhusu nguo, mama hakukosea kumwogopa nondo wa nguo, ila nondo huyo ni mwingine. Yeye ni mdogo zaidi, ana rangi ya dhahabu iliyofifia, hukimbia mwanga badala ya kuufuata, na viwavi wake hula sufu na manyoya katika giza la kabati. Huyu wa dirishani akiingia ndani kwa bahati mbaya hawezi kutaga hata yai moja katika kanga zako, kwa sababu wanaoruka wote ni madume, na zaidi ya hapo akishaota mbawa hali tena maisha yake yote. Kuhusu kuwasha, mama ametoka mahali ambapo kila mtoto hufundishwa asiguse kiwavi mwenye manyoya, na fundisho hilo ni la kweli na lidumishwe. Lakini kiwavi wa nondo huyu ni laini, hana manyoya ya kuwasha, na anaweza kutembea kiganjani mwa mtoto bila kuacha alama. Huko Uingereza yupo kiwavi mwingine wa mwaloni anayewasha kwelikweli, nitamrudia baadaye.

Sasa kuna jambo moja ambalo ukilielewa, mengine yote ya mdudu huyu yatajieleza yenyewe, nalo ni kwamba maisha yake yote ya mwaka mzima yamepangwa kuzunguka siku chache za majira ya kuchipua, zile ambazo machipukizi ya mwaloni yanafunguka. Jani la mwaloni likiwa changa ni laini na lina maji na protini kwa wingi. Wiki chache tu baadaye hukakamaa na kujaa tanini, kemikali za jamii ileile inayofanya chai ya rangi iliyochemshwa mno ikaze ulimi, na ambazo kwa ajili yake magome ya mikoko ya Rufiji yalitafutwa sana na watengenezaji wa ngozi. Mwaka 1970 Paul Feeny, aliyefanya utafiti wake katika msitu wa Wytham karibu na Oxford, alionyesha kwamba mabadiliko haya ya jani, kukakamaa kwake pamoja na kuongezeka kwa tanini, ndiyo yanayomlazimisha kiwavi wa nondo huyu kula mapema na kumaliza mapema. Akianguliwa siku kadhaa kabla chipukizi halijafunguka, hufa njaa kwa kuwa hawezi kupenya magamba magumu yanayolifunika. Akichelewa, hukuta jani limekwisha kuwa gumu, hukua polepole, na akifikia kuwa nondo huwa mdogo mwenye mayai machache. Kwa hiyo mayai hayana budi kuwa tayari juu ya mti, kwenye matawi yenyewe, kabla ya Aprili kufika.

Kwa nini basi wazazi wasiruke wakati wa joto kama nondo wengine, wakataga Julai? Wapo nondo wa mwaloni wanaofanya hivyo, lakini yai lililotagwa Julai hukaa wazi kwenye tawi kwa miezi tisa. Nondo huyu amechagua kukaa ardhini kipindi chote hicho na kutoka wakati ambapo maadui wake wengi hawapo. Mwezi Desemba popo wa Uingereza wamelala usingizi wa majira ya baridi, na mbayuwayu pamoja na ndege wengine wengi wanaokamata wadudu angani wamekwisha kuhamia Afrika. Gharama ya uchaguzi huo ni baridi na njaa, kwa kuwa maua yenye nekta, ule umajimaji mtamu ambao wadudu hunyonya, ni machache mno wakati huo. Kila anachotumia nondo mzima ni akiba aliyoiweka tumboni alipokuwa kiwavi miezi sita iliyopita.

Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini jike hana mbawa. Mbawa na misuli ya kurukia hula sehemu kubwa ya akiba ya mwili, na kwa mdudu asiyekula tena kila chembe inayokwenda kwenye misuli ni chembe iliyotolewa kwenye mayai. Jike huyu ameacha kuruka kabisa, na mwili wake hubeba mayai kati ya 100 na 200. Kwetu nyumbani tunao nondo wa jamii nyingine wenye desturi inayofanana na hiyo: vile vifuko vya vijiti unavyoviona vikining'inia kwenye migunga ni nyumba za viwavi ambao majike yao hukomaa bila mbawa za kurukia, na katika spishi nyingi hawatoki ndani ya kifuko hadi wanapokufa. Kazi ya kutafuta mwenzi huachiwa dume. Jike wa mwaloni hutoa harufu ambayo pua ya binadamu haiinusi, na dume huifuata gizani mpaka shinani.

Unaweza kujiuliza dume anawezaje kuruka kwenye sakitu, wakati nyuki na nondo wengi wakubwa hushindwa hata kusogea. Watafiti Bernd Heinrich na Thomas Mommsen walilichunguza swali hili kwa nondo wa aina hii wanaoishi Amerika Kaskazini, wakachapisha majibu yao mwaka 1985. Nondo wengi hutetemesha misuli ili kuipasha joto kabla ya kuruka, lakini hawa hawafanyi hivyo. Misuli yao hufanya kazi ikiwa na joto la karibu nyuzi sifuri. Kinachowawezesha ni mbawa pana zinazobeba mwili mwepesi, hata nguvu kidogo tu inatosha kuwanyanyua. Ukimtazama tena dume kwenye kioo utaona jinsi mwili wake ulivyo mwembamba ukilinganisha na mbawa, na utagundua kwamba akiruka huonekana kama anapepesuka, kwa sababu mbawa zake hupiga polepole.

Baada ya kujamiiana shinani, jike huendelea kupanda hadi kwenye matawi na kutaga mayai yake ndani ya mianya ya gome na karibu na machipukizi. Yai lina urefu wa nusu milimita hivi, na likitagwa huwa la kijani kilichofifia. Baadaye hugeuka rangi ya chungwa, hubaki hivyo kipindi chote cha baridi bila kudhurika na barafu, kisha siku chache kabla ya kuanguliwa huwa jeusi linaloelekea buluu. Joto linalojikusanya siku baada ya siku mwishoni mwa baridi ndilo linaloharakisha au kuchelewesha kuanguliwa kwake.

Kiwavi hutoka mwishoni mwa Machi au Aprili akiwa na urefu wa milimita mbili. Hatua hii ni muhimu sana kwa uamuzi utakaoufanya, kwa hiyo nakuomba uizingatie. Kwa kuwa mama yake hakuweza kuruka, kiwavi mchanga ndiye anayesafiri: hutoa uzi mwembamba wa hariri, hujiachia, na upepo humbeba kutoka mti mmoja hadi mwingine. Wengine huangukia mwaloni, wengine mtufaha wako, wengine ukuta wa nyumba wakafa. Aliyefika kwenye chipukizi linalofunguka huingia ndani, hushona majani mawili kwa hariri na kula akiwa katikati yake. Akikua anakuwa wa kijani, mwenye mstari mweusi mgongoni na mistari myeupe ubavuni, na kufikia urefu wa milimita 25. Ana miguu sita mbele na jozi mbili tu za miguu laini nyuma, katikati hana kitu, kwa hiyo hutembea kwa kujikunja na kujinyoosha kama fundi cherehani anayepima kitambaa kwa shibiri. Jina la jamii yake, Geometridae, limetokana na maneno ya Kigiriki ya mpimaji wa ardhi.

Hula kwa wiki sita hivi. Mwisho wa Mei au mwanzoni mwa Juni hushuka kwa uzi wake, na hao ndio walionaswa na kamba yako ya nguo: hawakuwa wakivamia nyumba, walikuwa wakitafuta udongo. Akifika chini huchimba sentimita chache, hujitengenezea kifukofuko cha hariri na chembe za udongo, na humo hubaki akiwa pupa, yaani katika hatua ya kutulia kabla ya kugeuka nondo, mpaka Novemba. Kizazi ni kimoja tu kwa mwaka.

Sasa tuje kwenye mti wako. Mwaloni uliotobolewa majani mwezi Mei hautakufa kwa sababu hiyo peke yake. Naamini ulipoutazama mwezi Julai uliona majani mapya, pengine yenye wekundu kidogo, kwa sababu mwaloni una desturi ya kuchipua mara ya pili katikati ya joto, na mti na nondo huyu wamejuana kwa muda mrefu mno kiasi kwamba mti umejifunza kustahimili. Ulichopungukiwa mwaka ule ni ukuaji wa mbao. Hatari huja pale mti unaponyang'anywa majani miaka kadhaa mfululizo huku ukiwa na tatizo jingine, kama vile ukame au ugonjwa wa mizizi.

Wala usifikiri kwamba idadi yao itaongezeka tu kila mwaka. Katika msitu huohuo wa Wytham, watafiti Varley na Gradwell wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwahesabu nondo hawa kila mwaka kuanzia 1950 hadi 1968, wakiwanasa majike waliokuwa wakipanda mashina na kuwahesabu viwavi walioanguka chini. Waligundua mambo mawili. La kwanza, kinachofanya mwaka mmoja uwe na viwavi wengi na mwingine wachache ni hasa vifo vinavyotokea kati ya yai na kiwavi aliyekomaa, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ni ya wale waliokosa kulandana na kufunguka kwa machipukizi. La pili, kinachozuia idadi isipande bila kikomo kiko ardhini: mbawakawa na wanyama wadogo hula pupa, na pupa wakiwa wengi huliwa kwa kiwango kikubwa zaidi. Ndiyo maana siungi mkono wazo la kuchoma majani yaliyoanguka. Mayai yako juu matawini na pupa alikuwa ndani ya udongo, hivyo moto hautamgusa nondo huyu; utakachounguza ni makazi ya mbawakawa wanaokufanyia kazi bila malipo.

Ushahidi wa thamani ya maadui hawa ulipatikana nje ya Ulaya. Nondo huyu alifika Nova Scotia, Kanada, bila maadui zake, akatambuliwa rasmi mwaka 1949 baada ya kuharibu mialoni na mitufaha kwa kiwango ambacho Waingereza hawakizoei. Wataalamu wa huko waliagiza kutoka Ulaya nzi mdogo aitwaye Cyzenis albicans, ambaye hutaga mayai madogo mno juu ya majani yaliyotafunwa. Kiwavi huyameza pamoja na jani, nalo buu la nzi humngoja ndani ya mwili wake hadi ageuke pupa, kisha humla. Katika muda wa miaka michache madhara yalipungua sana. Nondo alipojitokeza Massachusetts, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, njia hiyohiyo ilitumiwa na timu ya Joseph Elkinton wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kuanzia mwaka 2005, na huko nako nondo walipungua. Nzi huyo kwenu yuko tayari, maana Ulaya ndiko kwao.

Nina sababu nyingine ya kutotaka upulize dawa kwenye mwaloni. Ndege wadogo wa msituni, hasa yule mwenye kifua cha manjano na mstari mweusi katikati, aitwaye kisayansi Parus major, hulea makinda yake kwa viwavi hawa. Amefuatiliwa Wytham bila kukatizwa tangu 1947. Ndege naye hupanga kutaga kwake ili makinda yawe na njaa kubwa siku zile ambazo viwavi wamenona. Tayari mpangilio huo umeyumbishwa na kuongezeka kwa joto duniani: huko Uholanzi, mtafiti Marcel Visser na wenzake walionyesha kwamba mayai ya nondo yalikuwa yamefikia kuanguliwa mapema mno kabla ya mialoni kuchipua, kisha, katika miaka iliyofuata, nondo wenyewe wakabadilika kwa kurithishana, wakawa wanachelewa tena na kukaribiana na mti. Mdudu mwenye kizazi kimoja kwa mwaka anaweza kubadilika haraka namna hiyo. Ndege huona shida zaidi. Mwaloni mmoja uliopuliziwa dawa mwezi Aprili ni kiota kisicho na chakula mwezi Mei.

Mtufaha ni habari nyingine, na hapo jirani yako ana hoja. Ukitaka matunda, viwavi wanaokula maua na tunda changa ni hasara ya kweli. Grisi hufanya kazi kwa sababu jike hana budi kupanda kwa miguu, lakini huwekwa kwenye ukanda maalumu unaofungwa kuzunguka shina, kiasi cha sentimita 45 au zaidi juu ya ardhi, na usipake grisi ya gari juu ya gome, kwani inaweza kuliumiza. Ukanda ufungwe mwishoni mwa Oktoba na ubaki hadi Aprili. Kama mti umeegemezwa nguzo, nguzo nayo ifungwe ukanda, maana jike atapanda popote. Kwa mwaka huu umechelewa kidogo, kwa sababu majike wengi wameshapanda, ila ukiuweka leo utawazuia waliosalia hadi Januari. Uukague kila baada ya siku chache na kuondoa majani yaliyonata juu yake, kwa kuwa jani moja ni daraja tosha. Uzungushie wavu mwepesi ndege wasinase. Nami nakuambia wazi kwamba ukanda hautamaliza tatizo, kwa sababu unakumbuka nilivyosema kuhusu upepo: mtufaha ulio mita chache kutoka msituni utaendelea kupokea viwavi wachanga kutoka angani. Utapunguza wingi wao, na kwa familia inayotaka kikapu cha matufaha hiyo huwa inatosha. Kwenye mwaloni mkubwa ukanda ni kazi bure kabisa.

Kama Aprili utaona viwavi ni wengi mno kwenye mtufaha, pitia machipukizi kwa mkono, ukiyafinya yale majani yaliyoshonwa pamoja. Mti mdogo huchukua nusu saa. Dawa za kuua wadudu ziwe za mwisho kabisa. Usizitumie kamwe mti ukiwa na maua, kwa sababu zitaua nyuki ambao bila wao hutapata tunda lolote, na ukishampulizia kiwavi aliyejificha ndani ya majani yaliyoshonwa, dawa nyingi haimfikii. Mimi binafsi ningefunga ukanda kwenye mtufaha, ningeuacha mwaloni kama ulivyo, na ningeyasukumia majani yaliyoanguka chini ya ua wa vichaka.

Yapo mambo ambayo hayafai kuamuliwa kwa maandishi kama haya. Mkiona kwenye mwaloni, kati ya Aprili na Julai, viwavi wenye manyoya marefu meupe wanaotembea kwa msafara, kichwa kwa mkia, au kiota cha hariri nyeupe kilichoganda kwenye shina au tawi, hao si viwavi wako. Huyo ni Thaumetopoea processionea, aliyeingia London katikati ya miaka ya 2000 na kusambaa kusini mashariki. Manyoya yake huwasha ngozi, huumiza macho na kubana kifua. Msimguse wala msijaribu kukitoa kiota. Toeni taarifa kwa mamlaka ya misitu ya Uingereza, Forestry Commission, na mtu akiwashwa sana au macho yakimwuma aonane na mfamasia au daktari. Akishindwa kupumua vizuri, pigeni simu ya dharura papo hapo. Kama siku moja kupe wa kweli ataganda kwenye ngozi ya mwanao, mng'oe kwa kibano ukimvuta moja kwa moja karibu na ngozi, na ikiwa katika wiki zinazofuata utaona wekundu unaotanuka mahali hapo au atapata homa, mpeleke kwa daktari na umtajie kupe. Na kwa mwaloni wenyewe, mwite mtaalamu wa miti auone kwa macho yake ikiwa matawi ya juu yanakauka mwaka hadi mwaka, ikiwa gome linatoa majimaji meusi, au ikiwa uyoga unaota kwenye kitako cha shina. Kabla hujakata tawi lolote uliza halmashauri ya eneo lako, kwa sababu mialoni mingi huko inalindwa kisheria.

Mwanao umruhusu atoke na tochi yake jioni hizi, saa moja au mbili baada ya giza kuingia, hasa siku isiyo na upepo. Amulike shina kuanzia kiunoni mwake hadi juu. Akibahatika ataona dume akiwa ametulia ubavuni mwa jike, mbawa zake zikiwa zimemfunika nusu. Mwezi Januari, mchana, mpe kioo cha kukuzia atafute karibu na machipukizi ya mtufaha, kwenye matawi ya chini, vidoa vya rangi ya chungwa vilivyo vidogo kuliko mbegu ya mchicha. Aandike tarehe atakayoviona, kisha ile vitakapogeuka vyeusi, na siku ambayo jani la kwanza la mtufaha litafunguka.